Kikopo Cheupe cha Kukondesha

Kama umesimama dukani sasa hivi, umeshika kikopo chenye picha ya mwanamke aliyejizungushia tepu ya fundi kiunoni, kirudishe kwanza. Sikwambii ukitupe. Kirudishe mahali pake, umwambie mwenye duka utarudi, halafu tafuta pa kuketi. Mimi si daktari. Ninauza uzi, vifungo na zipu karibu na soko la Kitale. Kila wiki kuna mwanamke anayeingia dukani, ananitazama nilivyopungua, anajifanya anachagua vifungo, kisha ananiuliza kwa sauti ya chini, "Mama Nafula, ulitumia nini?" Nimechoka kuieleza hadithi hii nikiwa nakata zipu za watu. Nimeamua kuiandika mara moja.

Sina budi kuanza na leso.

Kwetu Wakikuyu, siku ya ruracio, yaani siku wakwe wanapokuja na mahari, msichana anayeolewa hufichwa. Anaketishwa pamoja na wanawake wengine, wote wanafunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, na bwana anaambiwa amtafute wake. Akifunua asiye wake, anatozwa faini ya mbuzi, na kijiji kizima kinapata cha kusimulia. Siku yangu ilipofika, mume wangu Wafula aliingia hemani na wazee wake kutoka Bungoma, akatembea moja kwa moja mpaka kwangu, akanishika mkono. Wengine hakuwatazama hata kidogo. Shangazi yangu, Tata Wairimu, ambaye Mungu alimpa mdomo bila kumpa breki, akapaza sauti: "Huyo hata kipofu angemwona! Kwani Mlima Elgon unafichwa na leso?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mimi nilicheka kuwashinda. Lakini neno lile lilibaki ndani yangu kama punje ya mahindi iliyokwama kwenye jino, na miaka ilipita nikiligusa kwa ulimi.

Miaka hiyo nilinenepa zaidi. Kazi yangu ni ya kukaa kwenye stuli, na chai yangu ilikuwa ya sukari inayosimamisha kijiko. Mwaka ule baada ya Krismasi nilienda kliniki kwa sababu ya kizunguzungu, wakaniambia presha inapanda. Mama aliyenihudumia alinishauri nipunguze mwili: nitembee kila siku, nipunguze ugali, niache sukari kwenye chai, nirudi anione. "Polepole tu," aliniambia. "Usikimbizane na mtu."

Ningemsikia, hungekuwa unasoma haya. Lakini juma lilelile mdogo wangu Njeri alinipigia simu, anaolewa, na ruracio yake itakuwa likizo ya Aprili.

"Sis, lazima ukae kwa laini ya kufunikwa," aliniambia. "Siku hizi hata walioolewa wanaingia, inakuwa fun. Usinikatae, manze."

Nilikubali kabla ya kufikiri. Baadaye, nikifunga duka, nikajiona kwenye benchi lile, nimefunikwa, mlima ule ule kati ya vichuguu. Nikatamani kitu kidogo ambacho mpaka leo nakionea haya na bado nakipenda: kwamba mara moja tu katika maisha yangu, mwanamume asimame mbele yangu nikiwa ndani ya leso, asiwe na hakika. Aone huyu anaweza kuwa bibi harusi.

Hapo ndipo kikopo kilipoingia. Kililetwa na rafiki yangu Mama Shiro, anayeuza viatu duka la pili kutoka langu, mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake. Alikuwa amekipata kwa mama mmoja anayevusha bidhaa mpakani pale Lwakhakha, na huyo naye alikipata kwa mtu, na mtu huyo sijui. Kilikuwa cheupe, kizuri, na maandishi ambayo hakuna aliyejua ni ya nchi gani. Ndani kulikuwa na kapsuli za kijani, na kando yake pakiti za majani ya chai.

"Hii si dawa," Mama Shiro aliniambia, akinishika goti kama tunaomba. "Dawa mimi naogopa. Hii ni miti tu, ni kama chakula. Asubuhi kapsuli na maji moto, jioni chai. Mafuta yanayeyuka yenyewe. Angalia mimi."

Nikamwangalia. Sketi yake ilikuwa imeshikwa na pini. Nikanunua, na wenzetu wawili wa chama wakanunua.

Wafula hakupenda. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. "Nani amelalamika? Mimi nimelalamika? Sasa unapunguza nini, bana?" Lakini Wafula akishindwa kukuzuia, anakusaidia, na akikusaidia anasaidia kwa moyo mzima. Kuanzia asubuhi ile aliamka kabla yangu, akachemsha maji, akaweka kapsuli kwenye sahani ya kikombe, akaniletea kitandani. "Twende kazi, Mama Nafula," alikuwa akisema. Jioni alinipikia ile chai chungu na kuketi nami mpaka niimalize. Nilipendwa jamani. Sikatai.

Utaniuliza kama ilifanya kazi. Kwa macho ya watu, ndiyo. Wiki za kwanza nilishinda chooni, na mizani ikashuka. Moyo ulikuwa unapiga haraka nikiwa nimekaa, na usingizi ulinikimbia, nikasema mafuta yanaungua. Mdomo ulikuwa mchungu, nikasema ni miti. Kutembea nilikokuwa nimeshauriwa sikuanza hata siku moja. Kwa nini nitembee na kikopo kinanitembelea? Nilibana gauni langu la ruracio mara mbili kwa mkono wangu mwenyewe, na kila mteja aliyeingia aliniambia nimependeza. Sifa nazo zinalevya, na hazina harufu mtu akutambue.

Likizo ya Aprili ilipoanza, tulienda Sirisia kwa mama mkwe kumsaidia kupanda, wiki chache kabla ya ruracio. Mama ni mjane, mnyoofu wa mgongo na wa maneno. Anawapenda watu kwa kuwalisha. Siku ile alichinja jogoo aliyekuwa amemtunza kwa ajili yetu, akasonga ugali wa wimbi, akaniwekea mbele yangu. Harufu ya kitunguu ilipanda puani, nikatoka nje mbio na kutapika kwenye migomba.

Niliporudi, chakula kilikuwa pale pale na yeye alikuwa anakitazama. "Nimekosea wapi, mutoto wangu?" aliuliza kwa lafudhi ya kwao. "Kura hata kipapatio tu. Kuku yangu imenuka?"

Nikamwambia hapana, ni tumbo. Kesho yake nikashindwa tena, na kesho yake. Kule kwao, mke wa mtoto anayekataa sufuria ya mama mkwe anasema jambo zito bila kufungua mdomo. Mama hakunigombeza, ila aliacha kuniuliza. Alinipakulia kidogo, akaondoa, akawapa kuku. Nililia jikoni kwake kwa sababu sikujua namna ya kumwonyesha kwamba si yeye.

Kisha muwasho ukaja. Haukuanza penye ngozi laini, ulianza kwenye nyayo na viganja, ndani kabisa, mahali kucha hazifiki. Mkojo ukawa rangi ya chai ya rangi iliyokaa jikoni. Wafula akanipeleka kwa boda hadi zahanati ya karibu, wakapima, wakasema ni malaria na taifodi. Kwetu ukiumwa na chochote ni malaria na taifodi mpaka ithibitishwe vingine. Wakaniuliza kama kuna dawa nyingine ninayotumia. Nikasema hakuna.

Nataka unielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapotelea. Sikudanganya. Ningeapa mbele ya madhabahu. Dawa kwangu ni kitu unachopewa ukiumwa, cha kuandikiwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Kikopo kile kilikuwa upande wa kahawa na uji. Nikapigwa sindano za malaria, nikarudi kwa mama mkwe, na jioni nikanywa chai yangu.

Jumapili tulienda kanisani. Tukiwa nje baada ya ibada, juani, binti yetu Nafula alinishika kidevu kama mimi ndiye mtoto. "Mama," akasema, "macho yako yamekuwa rangi ya ndizi." Mama mkwe akageuka, akanitazama, na uso wake ukabadilika wote. Aliniomba msamaha palepale mbele ya waumini, eti alidhani ninamdharau. Kisha akatuma mtu akatafute gari la kwenda Bungoma.

Benchi za hospitali ile nitazikumbuka mpaka kaburini. Zilikuwa ndefu, za mbao, na foleni ilisogea kwa makalio: wa mbele akiitwa, wote mnateleza nafasi moja, mnapokea joto la aliyetangulia. Nilikuwa najikuna nyayo kwenye ukingo wa sakafu bila aibu. Mama mmoja nisiyemjua kutoka upande wa Chwele alinivua viatu, akaniweka miguu kwenye mapaja yake, akanipepea kwa karatasi ya eksirei yake mwenyewe. Sikumuuliza jina. Kila ninaposali namwita yule mama wa eksirei, na naamini Mungu anamjua.

Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Aliniuliza kama ninakunywa pombe. Mama mkwe akajibu kwa niaba yangu, "Huyu? Hata busaa ya harusi hajaonja!" Aliuliza kama kuna dawa yoyote, ya hospitali au ya kienyeji. Tukatikisa vichwa wote watatu. Na wakati Wafula anatikisa kichwa chake, kapsuli yangu ya siku ile ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, amenifungia kwenye kitambaa, kwa sababu asubuhi tulikimbilia kanisani bila kuimeza.

Walinilaza. Walinitoa damu mpaka mishipa ikajificha. Walisema ini limeumia na hawajaona kwa nini. Nilikuwa wa manjano hata kwenye kucha. Daktari alianza kutaja Eldoret, kwamba hali ikizidi nitapelekwa hospitali kubwa ya huko, na alivyotaja, alikuwa anamwambia Wafula wala si mimi.

Ugonjwa ukikosa jina, watu wanaupa majina yao. Jamaa za Wafula walinong'ona kuna mtu amenitazama vibaya. Mama yangu mzazi, Mami, akaja kutoka Kitale na supu ya njahi, zile kunde nyeusi anazopewa mwanamke wa kwetu anapojifungua, akamkuta mama mkwe na uji wa wimbi. Wawili hao wanapendana, lakini pale kitandani walisukumana kwa sufuria. "Njahi inarudisha damu," anasema huyu. "Njahi ni nzito, tumbo yake itabeba?" anajibu yule. Mimi sikuweza kumeza hata kimoja, nikafumba macho nijifanye nimelala, wao wakaendelea.

Njeri alikuja pia. Aliahirisha ruracio yake, na upande wa bwana haukufurahi, maana hema zilikuwa zimeshalipiwa. Nilimwomba asiniharibie siku yake kwa ajili yangu. Alinifuta jasho akasema, "Tent itarudi, sis. Wewe ukienda hurudi." Kisha akatoka nje kulia, na mlango wa wodi ulikuwa wazi, nikamsikia.

Wafula alikuwa anakuja kila saa ya kuona wagonjwa. Aliona ninavyojikuna mpaka nyayo zinatoka damu, na siku moja akaja na gunzi la mahindi, limekauka vizuri, amelisugua na kulichemsha. Akaketi miguuni pangu, akaniweka mguu kwenye goti lake, akanikuna nyayo na gunzi lile polepole, kuanzia kisigino. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa raha ya kutoa machozi. Wagonjwa wengine walitutania, "Mwalimu, ukimaliza hapo uje na huku!" Alikuwa akimaliza kunikuna, anafungua chupa yake ya chai. Ile chai. Na kapsuli. "Angalau hii usiache," alininong'oneza. "Umetoka mbali, usirudi nyuma."

Mizani haikuwa imenijia akilini kwa muda mrefu, lakini nilimeza. Mtu akikukuna nyayo vile, utamkatalia nini?

Siku ya chama kunitembelea, walifika wote na leso zao za sare, wakajaza wodi kwa wimbo. Mama Shiro aliomba, na maombi yake yalikuwa marefu na ya machozi. Alipomaliza, akafungua thamosi, akamimina chai ile ya kijani kwenye kikombe, akatoa kwenye kibeti kikopo kipya, cheupe, kimefungwa na utepe. "Tumekuchangia," alisema. "Ukitoka hapa uendelee ulipoachia."

Daktari yule mdogo alikuwa amesimama nyuma yao, anasubiri wamalize amina. Akanyoosha mkono. "Hiyo ni nini?"

"Si dawa, daktari," Mama Shiro akasema haraka, kwa heshima. "Ni chai tu. Ya kupunguza mwili."

Daktari akakizungusha kikopo, akatafuta maandishi ya kusoma, hakuyapata. Aliniuliza nimeanza lini, nikamwambia baada ya Krismasi. Akauliza, "Na humu ndani umekuwa ukikinywa?"

Kabla sijajibu, Wafula alisimama. Alisimama wima, kama mwanafunzi aliyejua jibu. "Kila siku, daktari. Sijakosa hata siku moja. Namletea mwenyewe."

Nilimwona akisikia maneno yake mwenyewe. Yalimfikia polepole. Akatazama kikombe, akanitazama mimi, halafu akaketi sakafuni, pale pale kati ya viatu vya wanawake, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Daktari hakufoka. Alisema hawezi kuapa kwamba ndicho chenyewe, lakini kinaachwa leo, saa hii, na kwamba ini likiachiwa nafasi mara nyingine hujirudi, na mara nyingine halijirudi. Tungoje. Mama Shiro alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Alipoitoa alisema, "Hata mimi nakunywa," na daktari akampeleka akatolewe damu siku hiyohiyo.

Tukangoja. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuandika, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nililala nikitazama viganja vyangu vya manjano, nikifikiri juu ya Nafula, nani atamsuka nywele. Niliogopa kufa. Niliogopa kufa kwa sababu ya utani wa leso, na hilo liliniuma kuliko sindano. Kuna jamaa mmoja alifika akanikumbusha kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mama mkwe alimtoa nje kwa mkono, akarudi akaniambia, "Mimi nakuambia pore. Pore sana, mutoto wangu." Nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Wafula hakuja siku hiyo, wala iliyofuata. Uji alimpa mama yake aniletee. Siku ya tatu akatokea, akasimama mlangoni mwa wodi, mikono nyuma. Nilimwomba maji, akaangalia kikombe, akarudisha mkono nyuma, akamwita sista anipe. Mume wangu alikuwa anaogopa kunipa maji. Nikaelewa kwamba nisipofanya kitu nitatoka pale na ini zima na mume aliyevunjika.

Nikatoa mguu nje ya blanketi. "Baba Nafula," nikamwita, "gunzi liko wapi?"

Alitazama ule mguu muda mrefu. Kisha akaja, akavuta kiti, akalitoa gunzi kwenye mfuko wa koti. Alikuwa amelibeba siku zote hizo. Alinikuna akilia na mimi nikilia, na sikumwambia ya kwamba muwasho ulikuwa umeshaanza kupungua.

Ulikuwa umepungua kweli. Damu zilizofuata zilikuja nzuri kidogo, zilizofuata nzuri zaidi. Eldoret haikutajwa tena. Asubuhi moja niliamka nikisikia njaa, njaa yenye jina na anwani, nikamwambia mama mkwe nataka kipapatio cha kuku. Alitoka wodini bila mkoba wake. Jioni alirudi na kuku mzima, na Mami alikaa kando akanipa supu yake ya njahi kijiko kwa kijiko, na hawakugombana.

Nilirudi Kitale wakati wa palizi. Nilipimwa damu mahindi yakiwa magotini, nikapimwa tena yakitoa mbelewele, na mara ya mwisho tukichoma mabichi, wakaniambia ini limetulia, nirudi nikiona shida tu. Nywele zilikuwa zimedondoka, ngozi ya mikono ilining'inia. Sikuweza kuinua boksi la uzi. Na wateja, Mungu awasamehe, walipiga makofi. "Mama Nafula, umekuwa modo kama wa magazeti! Ulitumia nini?"

Sasa nikujibu swali lako. Wewe unayeanza, unayetaka kupungua, kikopo hakikufai. Sisemi kila kapsuli duniani ni sumu. Wale wenzetu wawili wa chama waliinywa na hawakuumwa. Walipoteza maji, wakaacha, na mwili ukarudi wote na jamaa zake. Mama Shiro damu yake ilikuwa salama. Alizunguka nyumba kwa nyumba akikusanya vikopo alivyouza, akarudishia kila mtu pesa yake, na kuna waliomsema vibaya sana. Mimi simsemi. Aliniletea alichokuwa anakunywa mwenyewe. Siku hizi kila asubuhi tunatembea pamoja kabla ya kufungua maduka, yeye akilalamika magoti na mimi nikilalamika juu yake. Ugali nakula nusu ya wa zamani, chai haina sukari, na ladha yake nimeizoea kama mtu anavyozoea jirani mnyamavu. Mwili ulirudi kidogo nilipopona, sasa unapungua tena, polepole, na presha imekubali kushuka. Na ukiulizwa hospitalini unatumia nini, taja kila kitu. Taja chai. Taja miti. Taja hata ulichopewa na mtu anayekupenda.

Ruracio ya Njeri ilifanyika Desemba, baada ya mavuno. Nilimwambia sitakaa kwenye benchi la kufunikwa, akanivuta kwa mkono. Tulifunikwa leso zinazofanana, miguu ndani, kimya. Bwana wake aliingia na kuanza kupita mbele yetu, na alipofika kwangu akasimama. Akasimama kabisa. Niliona viatu vyake kupitia chini ya leso, havijui viende wapi. Watu wakaanza kuguna. Jambo lile nililolitamani, ndilo hilo limekuja. Nilisikia joto tu, na hamu ya maji. Akaendelea mbele, akampata Njeri, vigelegele vikalipuka.

Nikadhani tumemaliza. Lakini Tata Wairimu alikuwa bado na mdomo wake. "Huyu wa Bungoma naye ajaribu tena! Siku ile alipewa mlima. Leo amtafute, tuone!"

Nikamsikia Wafula akicheka, akikataa, akisukumwa. Nikasikia hatua zake kwenye nyasi. Zilikuja, zikanikaribia, zikanipita. Zikafika mwisho wa benchi, zikarudi, zikasimama mahali fulani katikati. Kicheko cha watu kikapungua. Hakunijua. Ndani ya leso ile nikaingiwa na hofu kuliko ya wodini, kwamba nimejikondesha mpaka nimetoka machoni pa mtu aliyekuwa akinijua bila kutazama.

Nikatoa mguu nje ya leso.

Tata Wairimu akapiga kelele kwamba nimeiba mchezo, kwamba hiyo ni faini ya wazi. Wafula alikuwa ameshapiga magoti kwenye nyasi mbele ya wakwe wote, amekishika kisigino changu kwa mikono miwili, kidole gumba kikinikuna unyayo.

"Weka mbuzi wawili, Tata," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi siachilii."